Mahali pa Chonge

Suna, Migori
Jumapili, 14 Januari 2024

Kwa Mama Mdogo Kemuma,

Pokea salamu zangu, na za Cephas, na za huyu mdogo anayeninyang'anya kalamu. Sisi wazima. Cephas bado anapakia miwa kule Awendo, anarudi jioni mweusi kwa masizi mpaka mtoto anamlilia. Dorah ametimiza miezi mitano na ameanza kujigeuza mwenyewe kwa mkeka. Kila nikimwita jina la mama nafikiri mtaonana lini, wewe na dada yako mpya.

Je, mizinga imejaa? Dani, mama mkwe wako, bado anakufukuza jikoni? Simu najua huisikii tangu ile homa ichukue nusu ya masikio yako, ndiyo maana nimemwomba Maranga akubebee barua akija kuchukua asali. Naandika Kiswahili kwa sababu Kigusii changu kilizikwa na mama, na Kijaluo chako wewe mwenyewe unakijua.

Sasa neno lenyewe. Hospitali ya misheni walikuja madaktari wa meno kutoka Nairobi, na wanafunzi wao. Mwalimu wao anaitwa Daktari Ongeri. Nilienda tu jino la nyuma liangaliwe. Akaniambia cheka. Nikaweka mkono mdomoni vile ninavyofanya. Akautoa mkono wangu polepole, akaona mapengo yangu mawili ya juu, hapa penye chonge. Akauliza kama ni mila ya Wajaluo. Nikamwambia mila ni kung'oa meno sita ya chini, na ni ya wazee, mimi nimezaliwa juzi.

Wakanipiga picha ya taya. Mama Mdogo, chonge zangu hazikung'oka. Hazikuwahi kuota, za utoto wala za ukubwa. Daktari alisema kuna mtu alizichimba nikiwa mtoto mchanga, zikiwa bado mbegu ndani ya fizi. Na kwa kuwa jino halikuota, mfupa nao haukuota. Pale taya langu ni jembamba kama ubao wa rula. Hata jino la kuwekwa halina pa kushika.

Lakini anasema mfupa unaweza kujengwa upya! Wanajenga kwanza, wanangoja miezi, halafu wanaweka skrubu, halafu jino juu ya skrubu. Hawaniombi kitu, wanataka wanafunzi waone kwa macho. Mimi ndiye somo. Nimekubali. Unajua mke wa mtu wa miwa ambaye hajawahi kumenya muwa kwa meno yake anavyochekwa.

Daktari aliuliza ni nani alichimba. Nikasema sijui. Nimefikiri labda mama. Wewe ulikuwa ukiishi nasi wakati huo. Niambie, si kwa ubaya, nataka kujua tu.

Ni mimi mwanao uliyenilea,
Filister


Lambwe, Homa Bay
11 Februari 2024

Mwanangu Filister,

Barua ilifika ikinata asali, Maranga ana mikono michafu. Tumeshukuru Mungu kwa afya yenu. Hapa kiangazi kimekausha maua, nyuki wanakasirika, ng'ombe mwekundu ana mimba. Nisalimie dada yangu Dorah, umwambie namdai salamu za miaka kumi na moja.

Mambo ya taya nimeyasoma mara mbili. Nina swali. Huo mfupa wa kujenga wanautoa wapi? Uliza vizuri. Usije ukawekewa wa nguruwe halafu ukaenda kuimba Sabato ukiwa na nguruwe mdomoni. Nilimsomea Dani, akacheka mpaka akakohoa. Anasema: "Meno yangu sita yalitolewa mchana kweupe, nikiwa msichana mkubwa, na sikulia. Hakuna aliyechinja mnyama kwa ajili ya mdomo wangu." Nikamwambia wewe hukutaka kumenya muwa. Akasema alikuwa na mume wa kummenyea.

Jambo lingine. Dorah sasa anafika umri wa kuharisha. Akihara mpe maji ya chumvi na sukari na umpeleke kliniki. Usisikilize wanawake wa ploti, hao wapangaji wenzako. Usimwachie mtu amfungue mdomo. Nimeandika hilo, liweke kichwani.

Mengine Mungu akipenda.

Mama yako mdogo,
Kemuma


Suna
Jumapili, 24 Machi 2024

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Salamu nyingi. Samahani mwandiko, naandika nimeegemea mito, nimeambiwa kichwa kikae juu. Dorah anakaa mwenyewe sasa, akianguka anacheka. Cephas ananipikia uji. Una madonge, lakini ni uji.

Nimefanyiwa. Ilikuwa Jumanne. Niliuliza habari ya nguruwe, daktari hakucheka, akanijibu kwa heshima kwamba ni ng'ombe. Mfupa wa ng'ombe umesafishwa mpaka umebaki chengachenga, ukiuona utafikiri ni sukari ya Awendo. Wanauchanganya na mfupa wangu mwenyewe kidogo, waliokwangua kule nyuma ya taya la chini. Wakafungua fizi, wakapanga chenga zile kando ya ule ubao mwembamba, wakafunika na kingozi kama kile cha ndani ya ganda la yai, wakashona. Sikusikia uchungu, nilisikia kukwaruzwa tu. Wanafunzi sita walikuwa wameinama juu yangu, mmoja akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu kwa jicho.

Daktari anasema chenga za ng'ombe ni kama fito za nyumba. Mfupa wangu wenyewe ndio udongo, utapanda polepole ushike. Miezi sita. Nisipenge kamasi kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, nisitafune kitu kigumu. Nisiguseguse kwa ulimi. Hilo la ulimi ndilo gumu.

Dorah alikaa na Jedidah wa mlango wa pili. Ni mwema, mwenye makelele. Niliporudi aliniambia amemwangalia fizi na ameona "meno ya plastiki" yanavimba, ndiyo yatakayomletea homa na kuhara, na anajua mwanamke wa kuyatoa dakika moja. Nikamwonyesha mdomo wangu ulioshonwa. Akasema, "Wewe yako yalitolewa vibaya, huyu wangu ana mkono mzuri."

Mama Mdogo, hukunijibu. Nimefikiri sana nikiwa nimelala hapa. Kama ni mama, mimi nimeshamsamehe. Nimemwambia Mungu hivyo kwa maombi. Alikuwa mdogo, alisikia watu.

Wako,
Filister


Lambwe
2 Juni 2024

Mwanangu,

Nimechelewa. Mvua ilikata njia, na Maranga alikuwa mgonjwa. Ng'ombe amezaa ndume. Mahindi yamesimama vizuri. Dani anaumwa magoti, mdomo hauumwi.

Nafurahi umepona. Kama ni ng'ombe, hakuna neno.

Mama yako mwache alipo. Hahitaji kusamehewa na wewe.

Kemuma


Suna
Jumapili, 7 Julai 2024

Kwa Mama Mdogo,

Salamu. Barua yako ilikuwa fupi hata Cephas aliigeuza kutafuta upande wa pili. Sijui nilikukosea nini.

Dorah ana meno manne ya mbele na anatambaa mpaka kwa mlango wa Jedidah.

Kuna habari nilikuficha. Upande wa kulia umeshika vizuri, daktari anafurahi. Upande wa kushoto ulifunguka mwezi wa nne. Nilikuwa nikimwogesha mtoto nikasikia chenga kwa ulimi, moja, halafu nyingine, kama mchanga kwa mboga. Nikatema kwa kiganja. Ni kosa langu, nililamba ule uzi kila siku kwa kutaka kujua kama mfupa umeota. Nililia kuliko siku waliponishona.

Daktari Ongeri hakunigombeza. Alisema watakuja tena Jumatatu tarehe 12 mwezi wa nane, upande huo utarudiwa, na safari hii nitalala hospitali siku mbili waangalie. Nisipofika siku hiyo, somo langu limekwisha, kuna watu wengi kwa orodha. Na mfupa wa kulia peke yake utanipa jino moja, nitacheka upande mmoja.

Cephas hawezi kukosa kazini, lori haliwangoji. Jedidah simpi mtoto tena. Juzi Dorah alihara mara mbili, nikamkuta Jedidah amemlaza magotini anamkandamiza fizi kwa kidole, anahesabu: "Hili hapa, na hili hapa."

Kwa hiyo nakuomba. Njoo ukae na Dorah siku hizo tatu. Nitapumua nikijua yuko na wewe. Tafadhali.

Filister


Lambwe
21 Julai 2024

Mwanangu,

Sitaweza kuja. Ndama ni mdogo na Dani hawezi kukamua. Tafuta dada wa kanisani.

Nimetuma chupa mbili za asali. Usimpe Dorah asali mpaka amalize mwaka.

Kemuma


Suna
28 Julai 2024

Mama Mdogo,

Omanga jirani yako anajua kukamua, wewe mwenyewe uliniambia ana mikono kama mashine. Ndama si sababu.

Mama alipokufa nikiwa darasa la sita, ulikuja Migori siku hiyo hiyo na ndala mguuni, moja nyekundu, moja ya bluu. Hukusema una ndama. Sasa nakuomba siku tatu na hutaki kumshika mtoto mwenye jina la dada yako. Hata kumwona hujamwona, karibu mwaka.

Kama kuna kitu nimekosa niambie. Kama hakuna, nijibu yote mawili: utakuja? Na ni nani alinichimba? Hii ni mara ya tatu nauliza.

Filister


Lambwe
4 Agosti 2024

Filister mwanangu,

Leo hakuna salamu, utanisamehe. Nikianza na salamu nitaishia hapo tena.

Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yako alikuwa akipanda miwa ya watu Awendo, anatoka na mapambazuko, mimi nakaa na wewe. Ulikuwa na miezi saba. Ulihara siku tatu mpaka utosi ukabonyea. Mama yako alisema akirudi tutakupeleka kliniki. Wanawake wa pale walikufungua mdomo wakasema ni meno ya plastiki, usipotolewa leo unazikwa kesho. Mama yako alishakataa jambo hilo. Muuguzi alimwambia hayo ni meno ya kweli yanayojiandaa. Naye mama yako alinikataza kwa mdomo wake. Nilimsikia vizuri, masikio yangu yalikuwa mazima wakati huo.

Nikakubeba. Mwanamke alikuwa na spoki ya baiskeli, akaiosha kwa chai ya moto. Kichwa chako nilikibana mimi, kwa magoti yangu haya. Alipomaliza aliniwekea kwa kiganja vitu viwili vyeupe, laini, kama mbegu za boga ambalo halijakomaa. Akasema, "Ona wadudu waliotaka kumuua." Nikamshukuru. Nilitembea nyumbani nikiwa na furaha, nikifikiri nimekuokoa.

Uliugua wiki tatu. Ulipona kwa sindano za kliniki.

Mama yako hakunipiga. Alikushika mpaka ukalala, halafu akaniambia: "Nitawaambia watu ni mimi nilikubali, wasikutukane, wewe bado msichana. Lakini siku atakapouliza, utamjibu wewe." Akasema hivyo mara moja tu, hakurudia mpaka akafa.

Umeuliza mara tatu.

Sasa unajua kwa nini sikuja. Si ndama. Mikono hii ilishika kichwa chako. Nikimfikiria Dorah akihara nikiwa naye peke yangu, najiogopa. Umsamehe mama yako? Yeye ndiye alikuwa sawa.

Dani ameniona nikiandika akauliza ninalia nini. Nikamwambia. Akasema, "Sisi tulitolewa tukijua. Mtoto hajui kitu. Hiyo si mila, ni woga wenu tu." Ana maneno makali lakini hakunifukuza jikoni leo.

Kemuma


Suna
Alhamisi, 8 Agosti 2024

Mama Mdogo,

Maranga anangoja mlangoni, anasema nyuki hawana subira, kwa hiyo naandika haraka.

Nilikasirika. Jana sikula, na si kwa sababu ya fizi. Niliangalia Dorah nikafikiri magoti yako, nikafunga mlango kama uko nje. Cephas alisoma akasema, "Huyo asikanyage hapa."

Nilikuwa nimebeba hasira ya mama miezi saba na kuiita msamaha. Sasa sijui niiweke wapi, hana hata kaburi la karibu nikamwombe radhi.

Lakini asubuhi nilikuwa nafua nikafikiri hivi. Ploti hii ina milango kumi na miwili. Wote hawa, wakiangalia fizi ya Dorah, wanaona wadudu. Jedidah anaona wadudu. Dada wa kanisani niliyemuuliza, naye ameniuliza kama nimeshayatoa. Ni mtu mmoja tu ninayemjua aliyeshika kitu hicho kwa kiganja na anajua kwamba ni jino. Ni wewe.

Sijakusamehe bado, sitaki kudanganya tena kwa maombi. Njoo hivyo hivyo. Omanga akamue. Ufike Jumapili, nakuachia maji ya chumvi na sukari kwa chupa ya kijani, na kadi ya kliniki iko chini ya redio. Cephas nitaongea naye.

Filister


Nyumbani kwako, Suna
Jumanne, 13 Agosti 2024

Filister,

Nakuandikia hapa mezani kwako, Cephas atakuletea hospitali akitoka kazini. Nataka ujue kila kitu kutoka kwangu kabla hujasikia kwa ploti.

Ulipoondoka jana Dorah alinilia saa nzima. Halafu akalala mgongoni. Leo asubuhi amehara. Mara tano. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Nimesema nitakuambia ukweli. Nilimfungua mdomo nikaona pale juu, pande zote mbili, pamevimba na weupe, vilevile. Vilevile kabisa. Nikakaa naye chini.

Jedidah akaja na mwanamke mwingine, mwenye mfuko. Mimi sisikii vizuri lakini mfuko nilielewa. Jedidah akaniongelea kwa nguvu, ploti nzima ilisikia: "Mama, mtoto anaisha huyu! Mama yake hajui kitu, wewe ni mtu mzima!" Nikamwambia, "Nimekuwa mtu mzima kwa jambo hili tangu zamani. Hizo ni mbegu za meno. Nimewahi kuzishika." Akasema mimi ni kiziwi wa masikio na wa akili pia. Nikamjibu kiziwi ni bora, hasikii upuuzi. Watu wakacheka, yule wa mfuko akaondoka bila kuniaga.

Nikafunga leso, nikambeba mpaka kliniki kwa miguu nikimpa maji ya chupa ya kijani kijiko kwa kijiko. Wamempa vidonge vya zinki na pakiti za maji. Muuguzi akasema utosi uko sawa. Nikamwomba aangalie fizi. Akasema, "Chonge hizo, mama. Mwakani zitatoka."

Sasa ni saa tisa. Amehara mara moja tu tangu turudi. Sijamshusha mgongoni, naandika naye hapa, anakula nywele zangu. Cephas alishuka kwa lori mchana kula, akatuangalia, akanimiminia chai.

Usilambe uzi. Nasema tena, usilambe uzi.

Mama yako mdogo


Suna
Jumapili, 4 Mei 2025

Mama Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, na kutoka kwa Jedidah pia, anayeuliza yule mama kiziwi mkali atarudi lini. Cephas amepandishwa, sasa anahesabu malori badala ya kuyapakia, lakini masizi anarudi nayo hivyo hivyo. Dani apone magoti. Asali ya mwisho ilikuwa tamu, Maranga alikunywa robo njiani, akatae kama anaweza.

Sasa chonge zimewekwa. Skrubu ziliingia Februari, kama nilivyokuandikia, na mfupa ukazishika. Ijumaa iliyopita wameziwekea meno. Daktari Ongeri aligonga kulia, halafu kushoto, akasikiliza, akawaita wanafunzi nao wagonge. Anasema upande wa kushoto ulioharibika ndio uliokuwa mnene zaidi. Alinionyesha picha, huwezi kujua ng'ombe ameishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Akaniambia cheka. Mkono ulienda mdomoni wenyewe, umezoea. Nitaufundisha.

Ila amenikataza kumenya muwa. Mama Mdogo, nilicheka mpaka machozi! Miezi kumi na sita, ng'ombe, skrubu, na muwa ni hapana. Zitatafuna nyama, zitatafuna mahindi, lakini kuvuta ganda la muwa zinaweza kulegea. Basi nitaendelea na kisu.

Msamaha nilisema sitadanganya. Sijui ulikuja siku gani. Nimetafuta hasira wiki hii nikiwa kwa kioo, sikuipata.

Jana baada ya Sabato Cephas alileta muwa mmoja laini. Nikaumenya kwa kisu, nikamkatia Dorah kipande, nikamwachia ganda kidogo upande mmoja kwa mchezo. Akakigeuzageuza mdomoni mpaka akakifikisha pembeni. Kule juu, kulia. Chonge imetoka, Mama Mdogo, na ya kushoto inachungulia. Akauma ganda, akavuta kichwa nyuma, likachanika.

Kipande hicho nimekikausha kidogo juani, nimekifunga kwa karatasi ndani ya bahasha hii, Maranga asikile. Utaona shimo dogo pale jino lilipoingia. Kiweke kwa kiganja chako, kile kile.

Mwanao,
Filister